Twiga Aliyeishiwa Rangi

Jumatatu, 8 Julai 2019

Shule zimefunguliwa. Darasa la sita lina watoto 63 na madawati 17, na upepo wa Julai unaingia madirishani ukipekua daftari kabla ya wenyewe kuzifungua. Nimepewa tena Sayansi na Teknolojia pamoja na Maarifa ya Jamii.

Usiku huu nimekaa na azimio la kazi mpaka saa nne. Nilipomaliza nikaazima la mwenzangu wa Hisabati, nikayalaza mezani ubavu kwa ubavu. Udongo uko kwenye Maarifa ya Jamii, Agosti. Michanganyiko iko kwenye Sayansi, Septemba. Uwiano na eneo viko kwake, mwezi ambao mimi sikuwahi kuuliza. Mtoto ni yuleyule, dawati ni lilelile, sisi ndio tunaopokezana mbele yake, kila mmoja na kipande chake. Kengele ikilia anafunga kipande hiki anafungua kile. Nimefundisha miaka tisa na sijawahi kumwambia mtoto yeyote kwamba udongo wa Agosti ndio huohuo wa Septemba.

Sanaa haina kipindi katika ratiba yetu. Ukitaka kuchora, unachorea ndani ya kipindi cha kitu kingine.

Alhamisi, 11 Julai

Nimejaribu, na sikupata nilichokitaka. Nimechora moyo ubaoni kwa chaki za rangi, nikawaambia wachore, nikijiambia kwamba leo nimeunganisha sanaa na sayansi. Nimekusanya daftari 63 zenye moyo mmoja, wangu. Mshipa mmoja nilikuwa nimeuchora ukitokea mahali usipotokea, na wote wameuchora hapohapo. Hakuna aliyeshangaa wala kuuliza. Mikono yao ilikuwa kazini na macho yao yamelala.

Kwa hiyo kuchora peke yake si dawa. Kunakili ni kunakili, uwe umenakili maneno au umenakili picha. Ninachotafuta ni kitu cha kutazamwa, kitu chenye kumshika mtoto mpaka swali limtoke lenyewe, kisha tukimbizane na swali hilo popote liendako, hata likivuka mpaka wa somo langu.

Jumanne, 16 Julai

Jana usiku nilichora upya, kwenye karatasi ya bango kitita, mchoro mmoja wa kale wa mwambani huko Kolo: watu watano wembamba, warefu kama mabua ya mtama, vichwa vyao vimefumuka kama nywele au vinyago. Wa katikati ameshikwa mikono, wawili wanamvuta huku na wengine huku. Leo nimeubandika ukutani bila kusema neno, bila jina wala tarehe. Nikauliza tu, mnaona nini? Kila aliyejibu nikamtaka aje akionyeshe kwa kidole kile kilichomfanya aseme hivyo.

Kimya cha mwanzo kilinitisha, kikapita. Mmoja akasema wanamteka dada wa watu. Mwingine akapinga: hawa wa kushoto wanamwokoa, tazama miguu yao ilivyojikaza. Yule binti wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sijamsikia akijibu lolote, akatembea mpaka ukutani akasema, "Mwalimu, huyu ni mgonjwa. Wanamshikilia asianguke. Tazama shingo." Darasa zima likainamia shingo. Kuna aliyesema ni harusi, na kuna aliyesema wanacheza, kwani magoti yote yamekunjwa sawa.

Watafiti nao wamegawanyika vivyo hivyo mbele ya mchoro huo. Wapo walioona utekaji, wapo walioona watu waliopandisha kwa ngoma ya uganga kama ile ya simbo ya ndugu zetu Wasandawe. Hilo nimewaambia mwisho kabisa, kengele ilipokwisha kulia. Nimewatazama walivyopokea, wamekaa wima kama watu waliopewa kiti barazani.

Kisha nikauliza nani amewahi kufika Kolo. Ni kilomita nane kutoka shuleni. Mikono saba. Hao saba walifika kwa kufuata mbuzi na kuni.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda kwa babu yake kijana mmoja wa darasa langu kumweleza kuhusu safari ninayotaka kwenda na darasa kwenye michoro ya Kolo. Nimemkuta anasuka kamba chini ya mti. Shikamoo, marahaba, kisha habari za mvua, mifugo na watoto, ndipo tukafika kwenye jambo. Hakukataa. Amenisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, ukienda kwa mtu na watoto 63, unabisha hodi au huna haja?"

Kwa wazee wa huku Mungomi wa Kolo, mwamba wenye michoro hiyo, si jumba la makumbusho. Mpaka leo kuna watu wanaokwenda pale kwa tambiko la mvua na la wagonjwa. Mzee hakunieleza yanayofanyika na mimi sikuuliza. Kanipa masharti matatu: watoto wasipige kelele, wasiguse, na nifike kwanza mimi kusema tunakuja. Nimeyaandika kwenye andalio la somo, upande wa Uraia na Maadili. Katika kitabu cha kiada sijaona mahali panapofundisha heshima kwa uwazi kama yale maneno yake ya hodi.

Ijumaa, 26 Julai

Leo ndiyo siku niliyokuwa naingoja bila kujua kwamba naingoja.

Niliwaagiza kila mmoja alete udongo wa rangi tofauti, kiasi cha kiganja. Waliuleta kwenye mifuko, kwenye makopo, kwenye jani. Nyekundu ya makorongo tunayopita kila siku, ya kahawia ya shambani, nyeusi ya mbugani, nyeupe ya kupakia nyumba, na kijana mmoja akaleta ya manjano aliyoichimba ukingoni mwa mto. Tukasaga kwa mawe, tukachekecha kwa kitambaa cha chandarua kuukuu, tukatia maji. Baada ya nusu saa makopo yote yalikuwa na maji juu na udongo chini. Nikawauliza chumvi ingefanyaje. Mchanganyiko wa Septemba ukafundishika Julai, na hakuna aliyelalamika kwamba tumeruka kurasa.

Nikawaambia kwamba wekundu wa udongo ni chuma kilichoungana na oksijeni, ndugu wa kutu ya jembe. Wekundu wa michoro ya Kolo ni wa ukoo huohuo. Hapo nikataka kuwaonyesha kitu nilichokisoma zamani na sikuwahi kukijaribu. Tukaweka udongo wa manjano kwenye kifuniko cha debe juu ya moto wa kuni, nyuma ya jiko la shule. Dakika chache hakuna kitu. Kisha pembeni ukaanza kuiva, ukabadilika rangi ya chungwa, ukaendelea mpaka ukawa mwekundu kama wa korongoni. Maji yaliyofungwa ndani yake yametoka, chuma kimebaki na sura nyingine.

Watoto walipiga ukelele. Nilidhani wamestaajabu, kumbe wamekumbuka. "Matofali, Mwalimu!" Karibu wote wamewahi kubeba matofali kwenye tanuri. Wameyaona yakiingia na rangi moja na kutoka na nyingine, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ile ni kemia. Mimi niliwahi kufundisha mabadiliko ya kikemikali kwa kuchoma karatasi, na nyuma ya ukuta wa darasa langu kuna tanuri.

Nimewasimulia kidogo habari za Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyechora Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli juu ya mbao za dari, mpaka akafa mwaka 1972. Alitumia kilichokuwa karibu na mkono wake. Nikawaambia na sisi kilicho karibu ni hiki kilichotuchafua vidole.

Jumamosi, 3 Agosti

Tumekwenda na kurudi kwa miguu. Nimechoka mpaka kalamu nzito, lakini nikilala bila kuandika nitapoteza mengi.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu, baridi kali, wazazi wanne wakitusindikiza. Mimi nilitangulia na babu. Alisimama mahali akasema maneno machache kwa sauti ya chini, kisha akanipa ishara. Watoto walipofika walikuwa kimya kabla ya kuamriwa.

Afisa wa Mambo ya Kale alituongoza kupanda. Kwanza nikawageuza wape mgongo michoro watazame bondeni. Tumesimama kwenye mteremko wa ukingo wa Bonde la Ufa. Nikawauliza kwa nini ukuta huu wa jiwe umesimama wima namna hii na umenyooka. Walihangaika. Yule kijana wa udongo wa manjano akasema umekatwa. Nani kaukata? Hapo nikawa na mlango wa kuingilia: nchi ilipopasuka, miamba ilivunjika ikaacha kuta za wima, nyingine zikiinama kama upenu wa nyumba. Chini ya upenu huo mvua haifiki. Ndiyo sababu watu walikaa, na ndiyo sababu michoro imedumu. Somo la ufa ambalo kitabuni ni mchoro wa mishale miwili, leo wameligusa kwa kiatu.

Kisha tukageuka. Mwanzoni hawakuona kitu. Mwamba ni mwamba, una madoa. Afisa hakuwaonyesha, nami nikamshukuru kwa macho. Dakika mbili tatu, sauti ndogo ikasema "Tembo." Wapi? "Pale, mgongo wake ni ule mstari." Tembo akitokea mmoja, wengine hufuata: twiga, pofu, watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, mchoro juu ya mchoro, mwekundu chini, na juu yake mistari minene ya rangi nyeupe.

Hapo ndipo swali lilipotoka, na halikutoka kwangu. "Mwalimu, hawa weupe wamechorwa baadaye, si ndiyo? Kwa sababu wamewafunika wekundu." Nikamuuliza amejuaje. "Kama matope kwenye ukuta. La juu ni la mwisho." Historia yote ya kuchimba na kusoma tabaka iko ndani ya jibu hilo. Nikawaambia kwamba Kisese, si mbali na hapa, mwaka 1956 Ray Inskeep alichimba akapata shanga za maganda ya mayai ya mbuni tabaka juu ya tabaka, na kwamba la chini ndilo la kale. Mary Leakey alikuja kunakili michoro hii mwaka 1951, na kitabu chake kikatoka mwaka 1983, miaka thelathini na miwili baadaye. Msichana mmoja akasema, "Alikuwa hana haraka." Nimelipenda neno hilo.

Wakabishana kuhusu wanyama. Tembo wapo, wakasema, kwenye pori la Swagaswaga wapo. Lakini twiga kijijini kwetu nani kamwona? Na mbona wa zamani hawakuchora mbuzi wetu? Nikawaachia swali hilo waende nalo nyumbani. Wachoraji wa michoro ile myekundu walikuwa wawindaji, walichora walichokula, walichokiogopa na walichokiota. Ng'ombe na mbuzi walikuja baadaye, na wafugaji.

Sasa niandike lile nililokuwa nalikwepa. Kuna sehemu mchoro umefifia na jiwe limebaki na michirizi. Afisa akawaeleza watoto kwamba zamani wageni walikuwa wakimwagia mwamba maji ili rangi zing'ae wapige picha, na kila mara maji yaliacha chumvi juu na kuondoka na kidogo cha rangi. Niliangalia chini. Nilikuja hapa mwaka 1994 nikiwa darasa la tano, na mtu mzima mmoja aliyekuwa ametuongoza aliagiza mchoro wa pofu umwagiwe maji. Aliyeshika chupa ni mimi. Nakumbuka pofu alivyowaka mwekundu, kana kwamba kaamka, na jinsi tulivyoshangilia. Leo nimewaambia watoto hivyohivyo, kwamba aliyeshika chupa ni mimi. Hawakucheka. Mmoja aliuliza kama pofu huyo yupo bado. Nikamwonyesha mahali.

Jumatano, 14 Agosti

Idi imepita, watoto wamerudi na nguo mpya chini ya sare.

Mwenzangu wa Kiswahili amewaandikisha insha juu ya wale watu watano. Kanisomea kumi ofisini. Mwaka mzima anapigana na insha zinazoanza "Siku moja nilipokuwa nimekaa" na leo hakuna hata moja iliyoanza hivyo. Yule binti wa dawati la nyuma ameandika kurasa mbili na nusu, akimsemea huyo wa katikati mwenyewe, anayevutwa, anayeona mikono lakini haoni nyuso. Sikuweza kusema kitu. Mwenzangu akaniambia, "Huyu nilikuwa nimemwandikia kwenye ripoti kwamba hajui kusoma vizuri."

Kiingereza wamejifunza majina ya rangi na wanyama. Sawa, si zaidi ya hapo.

Mwenzangu wa Hisabati bado ananung'unika kwamba yuko nyuma ya silabasi, na siwezi kumlaumu, maana mtihani hauulizi habari za tembo wa Kolo. Lakini alisikia kwamba eneo lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2006 ni kilomita za mraba 2,336, lenye vibanda vya mwamba zaidi ya 150, na akaingia darasani na swali: kama eneo hilo lingekuwa mraba, upande wake ungekuwa kilomita ngapi? Wakatafuta. 48 mara 48 ni 2,304, 49 mara 49 ni 2,401, basi ni kidogo zaidi ya 48. Wakapima kwenye ramani ya wilaya kwa uzi. Walipoona uzi unavyotambaa, wakaelewa kwamba tulichokitazama siku ile ni kona tu.

Alhamisi, 29 Agosti

Mwalimu Mkuu ametupa ukuta wa nyuma wa darasa, unaotazama uwanja. Makundi matatu: tembo, twiga, pofu. Kila kundi lilichora kwanza kwenye karatasi kwa rangi ya udongo, na kila kundi lilichagua lenyewe kitu cha kushikishia rangi. Tembo wamechagua maji matupu, kwa kuwa ni rahisi. Twiga wamechagua utomvu wa mgunga uliolowekwa. Pofu mafuta ya alizeti, nyumbani kwa mmoja wao wanakamua.

Kuhamisha picha ukutani tumetumia viraba. Karatasini kila kiraba ni sentimita 5, ukutani ni sentimita 25. Twiga wa karatasi ana urefu wa sentimita 40, wa ukutani mita 2. Mara tano. Mwenzangu wa Hisabati alikuja kuchungulia na chaki sikioni, akawasifu kwa mistari yao.

Kundi la twiga walikuwa wamepiga hesabu yao ya rangi mapema. Mdogo alimaliza nusu kikombe, mkubwa ni mara tano, basi vikombe viwili na nusu. Wakasaga, wakachekecha, wakapima kwa uangalifu mkubwa. Wakaanza juu. Kichwa, masikio, shingo ndefu, na rangi ikaisha.

Walisimama wakitazama ndoo. Wakatuhumiana, nani kamwaga? Walikaribia kugombana kweli. Mimi nilikuwa najua tangu asubuhi, na kufumba mdomo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka huu. Mwenzangu naye alikuwa anajua. Akanitazama, akaelewa nisichosema, akavuta jiwe akaketi.

Nusu saa. Twiga ana kichwa na shingo, hana mwili. Kisha kijana mmoja mdogo wa umbo, ambaye kwa Hisabati ni wa mwisho mwisho, akachukua kiraba kimoja cha karatasi akakikata kwa wembe, akakibandika ndani ya kiraba kimoja cha ukutani. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Alikuwa anahesabu kwa midomo. Vitano kwenda kulia. Akashuka mstari, vitano tena. Alipofika kona ya chini akageuka, uso umembadilika. "Si mara tano. Ni mara ishirini na tano."

Mwenzangu aliinuka kutoka kwenye jiwe. Alikwenda mpaka ukutani akapiga magoti karibu naye, akamwambia arudie, polepole, wote wasikie. Nusu kikombe mara 25 ni vikombe kumi na viwili na nusu, na wao walikuwa na viwili na nusu, sehemu moja ya tano. Wakatazama juu: kichwa na shingo, sehemu moja ya tano ya twiga, mbele ya macho yao. Jioni ofisini akanifunulia daftari lake: urefu ukizidi mara tano eneo huzidi mara 25, ameliandika ubaoni kila mwaka, kila mwaka wamelijibu kwenye jaribio na kila mwaka wamelisahau ifikapo mwezi unaofuata. Hakusema zaidi. Akaomba vipindi vyake viwili vya wiki ijayo viwe ukutani.

Jumatano, 11 Septemba

Darasa la saba wako kwenye mtihani wa taifa, wetu wamebaki nyumbani. Nimekaa na daftari hili niandike nilipokosea, kwa sababu yapo.

Wiki iliyopita nilitaka kila kitu kipite kwenye picha. Nikalazimisha muundo wa serikali ya kijiji uingie kwenye tembo: huyu mkubwa ni mwenyekiti, hawa wadogo wajumbe. Watoto walinijibu kwa adabu, wakikatakata majibu jinsi wanavyojibu wakijua kwamba mwalimu ana jibu lake mfukoni. Uhusiano wa kulazimisha wanaunusa. Udongo, tanuri na korongo nilivikuta vimeshikana kabla yangu, mimi nilionyesha fundo tu. Mwenyekiti ndani ya tembo nimemshona mwenyewe. Serikali ya kijiji nitaifundisha kwa kumwalika mwenyekiti wa kijiji, aje na mhuri wake.

Tena, watoto wawili hawapendi kuchafua mikono na hawapendi kuchora. Nilikuwa nawasukuma. Mmoja wao nimempa daftari aandike kila kikombe kilichoingia na kila kilichotoka. Hajakosa siku.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mthibiti ubora amekuja bila taarifa. Amekuta darasa la sita liko nje, limepanga mstari kwenye ukingo wa korongo nyuma ya uwanja, wengine wanapima kina kwa kamba, wengine wanachora tabaka za udongo kwa udongo wenyewe. Akaomba andalio. Akasoma. Akaniuliza kwa upole, "Hiki ni kipindi cha somo gani?"

Nimemjibu kwamba kwenye ratiba ni Maarifa ya Jamii. Akauliza, na hii kamba? Hisabati. Na hizi rangi? Nikamweleza tangu mwanzo: nchi hii ya Kondoa ilivyochakaa kwa mmomonyoko mpaka serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa milimani ili ardhi ipumzike. Babu zao waliswaga ng'ombe kutoka hapa. Rangi iliyoko kwenye mwamba wa Kolo na rangi inayotukimbia na maji kila masika ni udongo mmoja, nami nataka mtoto aione mara mbili.

Alitembea akauliza watoto maswali yake. Aliyemuuliza kuhusu kina cha korongo akamjibu kwa mita na sentimita, akaongeza kwamba mama yake anasema mwaka aliozaliwa yeye mtu alikuwa akivuka kwa hatua moja. Mgeni akaandika. Katika kitabu cha ukaguzi ameacha maneno kwamba vipindi vizingatie ratiba. Chini yake, kwa kalamu hiyohiyo, kwamba wanafunzi wanajieleza vizuri. Mwalimu Mkuu amesema tutazingatia yote mawili, na ukuta ubaki.

Jumanne, 26 Novemba

Mvua kubwa usiku, mwaka huu imekuja na hasira. Sikulala, nilikuwa nafikiria ukuta.

Asubuhi niliwakuta wamefika kabla yangu, wamesimama kwenye tope. Tembo wa maji hayupo kabisa. Pale alipokuwa pamebaki weusi kidogo wa macho, ya mkaa. Twiga wa utomvu ameyeyuka kuanzia miguuni, shingo imebaki imefifia chini ya ukingo wa bati, ambako maji hayakufika vizuri. Pofu wa alizeti yupo. Ana michirizi mgongoni, lakini yupo, na kundi lake lilijitahidi lisishangilie mbele ya wenzao waliofiwa na tembo.

Hawakulia. Yule aliyeandika vikombe akafungua daftari lake akaandika tarehe na neno "mvua". Wengine walikwishaanza kubishana kuhusu upenu: kama bati lingetokeza zaidi, ungekuwa kama mwamba wa Kolo. Mwenzangu wa Hisabati alisikia akaenda kuleta rula ya ubaoni.

Yule binti wa dawati la nyuma alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta. Maji yaliyoshuka na tembo yamechimba kifereji chembamba kwenye mchanga, chenye kingo mbili kabisa, na mwisho wake udongo mwekundu umetandazwa kama upepeo. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akamwomba mwenzake rula ndogo. Akaisimamisha ndani ya kifereji.

"Sentimita mbili na nusu," akasema. "Kwa usiku mmoja, Mwalimu."